Kiholanzi kina njia lukuki za kusema "kuongoza", Kiingereza tunaweka "lead" kila mahali. Nyie mnatafsirije?

#1 Mkalimani_Rotterdam

Wakuu, heshima kwenu.

Natafsiri nyaraka za kampuni na manispaa kutoka Kiholanzi kwenda Kiingereza. Juzi nimeletewa tangazo la kazi, ndani yake kuna sentensi hii:

"Jij bent de trekker van het project, neemt het voortouw richting de gemeente en stuurt vijf collega's aan."

Neno kwa neno: wewe ndiye mvutaji wa mradi, unashika kamba ya mbele kwenye mambo ya manispaa, na wenzako watano unawashikia usukani. Mtu mmoja, mstari mmoja, picha tatu. Mteja alikuwa ameshaandaa rasimu yake ya Kiingereza: "You lead the project, take the lead towards the municipality and lead five colleagues." Ukiisoma unaona jenerali. Kumbe kazi yenyewe ni ya mratibu, hana mamlaka ya kuajiri wala kufukuza.

Nimekaa nikaorodhesha: leiden, leiding geven, aansturen, besturen, aanvoeren, voorzitten, trekken, het voortouw nemen, aan het roer staan, het heft in handen nemen, de lakens uitdelen. Kila moja lina mtu wake na kiwango chake cha mamlaka. Kwenye Kiingereza naona wengi wetu tunayamwaga yote kwenye "lead" na kuondoka.

Hoja yangu ni kwamba Kiholanzi kinaangalia mtu anafanya nini kwa mwili wake: anavuta, anashika, anakalia kiti cha mbele. Kiingereza kinaangalia tu kwamba yuko mbele. Mnaonaje? Na hiyo sentensi mngeiandikaje? Nawasilisha.

#2 Kaka_Mombasa

"Lead" tatu kwa mstari mmoja! Hilo si tangazo la kazi, hilo ni gwaride. Navuta kiti, wataalamu wanakuja.

#3 Msomi_Leiden

Mkuu #1, sentensi yako nimeipenda ila hoja yako sikubaliani nayo. Kiingereza kina "run", "head", "chair", "captain", "steer", "oversee", "spearhead". Timu ya mpira ina "captain", hivyo aanvoeren limepata mwenzake. Kikao kina "chair", voorzitten limepata mwenzake. Tatizo ni sisi tunaofungua kamusi na kuchukua neno la kwanza.

Halafu tazama hili: leiden na "lead" ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanatoka kwenye kitenzi cha kale cha lugha iliyozaa Kijerumani, Kiholanzi na Kiingereza, chenye maana ya kwenda, kikafanywa kuwa cha kusababisha: kumfanya mtu aende. Ni kama sisi tulivyotoa "endesha" kwenye "enda". Kwa hiyo mzizi ni mmoja, kilichotofautiana ni kazi ambazo kila lugha imempa huyo mtoto.

Sentensi yako ningeiandika: "You will drive the project, make the first move in our dealings with the municipality and coordinate the daily work of five colleagues." Hakuna "lead" hata moja na hakuna kilichopotea.

Na uwe macho na aansturen. Likija na op nyuma yake, maana inahama kabisa. "De minister stuurt aan op een akkoord" haina maana kwamba waziri anaongoza makubaliano. Anasukuma mambo taratibu ili yafike kwenye makubaliano. Nimeona watu wakikosea hapo mara nyingi.

#4 Fundi_Bomba_Utrecht

Mimi si mtafsiri, ni fundi bomba, lakini leiding ndiyo ugali wangu. Kiholanzi leiding ni uongozi na ni bomba vilevile. Waterleiding ni bomba la maji, gasleiding ni la gesi, na maji ya bombani yanaitwa leidingwater.

Jengo moja tulilokuwa tunatengeneza walibandika tangazo kwa lugha mbili kwa sababu wapangaji wengi ni wageni. Kiholanzi kilisema leiding imepasuka usiku. Kiingereza chake kilisema "the management has burst". Wapangaji walikuja ofisini kuuliza kama kuna aliyeumia.

#5 Kaka_Mombasa

#4 😂😂 uongozi umepasuka! Kuna nchi zinasubiri habari hiyo.

#6 Bibi_wa_Tanga

Hamjambo wanangu. Nimekaa Den Haag miaka mingi na hili la "het heft in handen nemen" nalipenda sana. Heft ni mpini, ule mpini wa kisu au upanga. Sisi tunasema wao wameshika mpini, sisi tumeshika makali. Basi Mholanzi anasema kitu hichohicho: kushika mpini mkononi ndiyo kushika madaraka.

Sasa Mwingereza anaandika "take matters into one's own hands". Kisu kimepotea njiani. Mkono umebaki mtupu. Tena ukiandika "heft" kwa Kiingereza ukidhani ni neno lilelile utakuwa umeandika uzito. Mimi naona kwa methali na misemo ya namna hii, anayejua Kiswahili anamwelewa Mholanzi upesi kuliko anayepitia Kiingereza.

#7 Mwana_Lubumbashi

Jambo bandugu. Miye niko Antwerpen, na ninawaomba musisahau kwamba Kiholanzi si cha Uholanzi tu. Huku Flanders, upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi, maneno yaleyale yanabeba watu wengine.

Mufano: raad van bestuur. Kwenye kampuni kubwa ya Uholanzi hao ni watendaji, wale wanaoendesha kampuni kila siku, na juu yao kuna raad van commissarissen ya kuwasimamia. Kwa Ubelgiji, raad van bestuur ni bodi ya wakurugenzi kwa maana ya kawaida, ile ya Kiingereza "board of directors". Sasa mutafsiri wa Amsterdam akipata karatasi ya Brussels akaandika "executive board", ameshaharibu.

Commissaris ndiyo hatari zaidi. Uholanzi commissaris wa kampuni anakaa kwenye bodi ya usimamizi. Ubelgiji commissaris wa kampuni ni mukaguzi wa hesabu. Na pande zote mbili commissaris anaweza kuwa ofisa wa polisi!

Halafu kuna chef. Mwingereza akisikia "chef" anawaza mupishi. Mholanzi akisema mijn chef anasema mukubwa wake wa kazi. Kwetu L'shi tuko pamoja na Mholanzi: mukubwa ni shefu, hata kama hajui kupika chai.

#8 Dereva_wa_Basi

Na bestuurder je? Ubelgiji ni mjumbe wa bodi, Uholanzi ni mkurugenzi mtendaji, na kwenye bima ya gari ni dereva. Mimi kwenye mkataba wangu nimeandikwa bestuurder. Nilimtumia mdogo wangu Morogoro picha, akaingiza kwenye programu ya kutafsiri, akaniletea "director". Ukoo mzima sasa unanidai ada za shule.

#9 Mkalimani_Rotterdam

Shukrani nyote. #7 umenifungua macho, hilo la commissaris nitaliweka kwenye daftari.

#3, nakubali Kiingereza kina maneno mengi, lakini bado naona kuna kitu. Angalia "leiding geven". Mwingereza ana "lead", "manage", "supervise". Mholanzi anasema "kutoa uongozi", kana kwamba uongozi ni kitu unachomkabidhi mwenzako. Leidinggevende ni mtoa uongozi. Kwenye Kiingereza cha ofisini ni "line manager" na hapo hakuna anayetoa chochote.

Halafu nisaidieni na nyingine: "iemand om de tuin leiden". Kumzungusha mtu bustanini, maana yake kumdanganya. Kiingereza wana "lead someone up the garden path", maana ileile. Nani amemwiga nani?

#10 Msomi_Leiden

Tuin ya zamani haikuwa bustani, ilikuwa uzio. Ni ndugu wa Zaun ya Kijerumani, na hata "town" ya Kiingereza iko kwenye ukoo huo: mahali palipozungushiwa ua. Kwa hiyo wapo wanaoeleza kwamba om de tuin leiden ni kumzungusha mtu nje ya ua badala ya kumwingiza ndani. Anatembea, anaona anapelekwa mahali, mlango haufikii.

Ule msemo wa Kiingereza unakwenda kwenye njia ya bustani, na umeanza kuonekana kwenye maandishi karne ya 20. Mimi sioni haja ya kuiga. Watu wawili wanaweza kupata wazo la kudanganyana karibu na bustani kila mmoja kwa wakati wake.

#11 Bibi_wa_Tanga

Hapana mwanangu #10, mimi mama mwenye nyumba wangu wa kwanza alinieleza kwamba ni bustani ya kweli, za nyumba za matajiri, unamzungusha mgeni aone maua ili asione kinachoendelea ndani. Yeye alikuwa mtu wa Haarlem na alizaliwa kwenye lugha hiyo.

#12 Msomi_Leiden

Shikamoo bibi. Heshima kwa mama wa Haarlem, lakini mzawa wa lugha anajua kuitumia, asili ya neno ni jambo jingine. Sisi wenyewe tukiulizwa kwa nini "kula njama" ni kula, kila mtu atatoa hadithi yake.

#13 Muuguzi_Eindhoven

Mmesahau viambishi. Leiden peke yake haitishi, balaa liko kwenye watoto wake. Opleiden ni kumfunza mtu kazi. Afleiden ni kumhamisha mtu mawazo, au kukisia jambo kutokana na jingine. Verleiden ni kumshawishi hadi aanguke. Rondleiden ni kumtembeza mgeni. Begeleiden ni kwenda na mtu bega kwa bega. Inleiden ni kufungua hotuba au kitabu, na kwetu wodini ni kuanzisha uchungu kwa dawa.

Mama mmoja mjamzito kutoka Kampala alikuja na barua mkononi, mtu wake wa karibu alikuwa amemtafsiria: "your delivery will be introduced on Thursday". Alikuwa anauliza atatambulishwa kwa nani. Ilitakiwa kuwa "induced". Nilikaa naye nikamweleza kwa Kiswahili kwamba watamwekea dawa ya kuanzisha uchungu, na hofu ikatoka usoni. Hapo ndipo ninapoona kazi ya tafsiri si mchezo wa maneno.

Na begeleider kwenye huduma za walemavu na wazee msimwandike "leader" wala "guide". Ni "support worker". Haongozi mtu, anaishi naye siku yake.

#14 Nahodha_Mstaafu

Vijana, mnazunguka mbuyu. Hawa ni watu wa bahari. VOC, kampuni yao ya biashara ya mashariki, ilianzishwa 1602 na kwa karne mbili wakubwa wao walikuwa watu wa merikebu. Aan het roer staan ni kusimama kwenye usukani. Sturen ni kushika usukani, na ndiyo imezaa aansturen na besturen. Voortouw ni kamba ya mbele ya chombo. Schipper wameichukua Waingereza ikawa "skipper", hadi kapteni wa kriketi anaitwa hivyo. Baas wameichukua Wamarekani kwa Waholanzi wa New York ikawa "boss", na sisi tukaipokea ikawa bosi. Kila mnaposema bosi mnazungumza Kiholanzi.

Mwambao ni hivyohivyo: usukani, nahodha, kushika dira. Watu wa maji huongoza kwa lugha ya maji.

#15 Mkulima_Friesland

Nahodha #14 hilo la bosi ni kweli, lakini baas si neno la baharini, alikuwa bwana wa karakana na fundi mkuu. Na voortouw nani kasema ni ya merikebu? Nchi hii ilikuwa na trekschuit, mashua za abiria zilizovutwa na farasi kandokando ya mifereji. Njia ya Amsterdam hadi Haarlem ilifunguliwa 1632 na baada yake zikaenea. Farasi mbele, kamba ndefu, mashua nyuma. Mwenye kamba ya mbele ndiye anayeamua mwendo. Mimi naona hapo ndipo penye voortouw, na hapohapo penye op sleeptouw nemen, kumkokota mwenzako kwa kamba.

De kar trekken nayo ni mkokoteni, iko nchi kavu kabisa. De teugels in handen hebben ni hatamu za farasi. Heft ni kisu, bibi #6 ameshasema. Bahari imebaki na roer na sturen tu.

#16 Nahodha_Mstaafu

#15 farasi wa kuvuta mashua bado yuko majini. Nimekaa paleee.

#17 Kaka_Mombasa

Farasi majini sasa. Huu uzi una trekker wawili na hakuna mkokoteni.

Ila kwa uzito: kuna tangazo niliwahi kuliona la kampuni moja, Kiingereza, "We are looking for an enthusiastic trekker." Mimi nikadhani wanataka mtu wa kupanda mlima. Nilikuwa karibu kuwatumia picha zangu za Kilimanjaro.

#18 Mkalimani_Rotterdam

#17 ndicho ninachosema! Na neno hilo lilifika kwenye Kiingereza kutoka Afrika Kusini, kwa Makaburu waliohama na magari ya maksai miaka ya 1830. Kwa Mwingereza limebaki kuwa safari ndefu ya mguu. Kwa Mholanzi trekker bado ni mvutaji, hadi trekta la shambani linaitwa trekker.

#19 Baiskeli_Tu

Hakuna aliyegusa baiskeli na tuko Uholanzi? Haya.

Kwenye mashindano, op kop rijden ni kuwa mbele kabisa ukipigwa na upepo. De leider ni mwenye muda mzuri kwa jumla, mwenye jezi ya njano. Hawa mara nyingi ni watu wawili tofauti. Kiongozi wa mashindano amejificha katikati ya kundi, wenzake wa timu ndio wako op kop wanamkatia upepo. Anayepanda mbele kabisa mlimani yuko kwenye kopgroep, na anaweza kuwa nyuma ya kiongozi kwa nusu saa kwenye jumla. Na ploegleider hata baiskeli hana, yuko kwenye gari nyuma anatoa maelekezo kwa redio.

Sasa mwandike wote kwa "lead": the leader, leading, in the lead, team leader. Msomaji atapotea kabla ya kilomita ya kumi. Waingereza wa baiskeli wenyewe wanasema "on the front" kwa yule anayekata upepo, na ploegleider wanamwita kwa Kifaransa, directeur sportif. Kwa hiyo #3 ana haki: maneno yapo, lazima uingie kwenye mchezo wenyewe uyasikie.

Joop Zoetemelk alishinda Tour de France ya 1980, na hadi leo kwa wanaume ni yeye na Jan Janssen wa 1968 tu kutoka Uholanzi. Sijasema kitu kingine.

#20 Dereva_wa_Basi

#19 umesahau Annemiek van Vleuten 2022 na Demi Vollering 2023. Akina dada wamebeba.

#21 Baiskeli_Tu

#20 nimeandika "kwa wanaume", soma tena mkuu. Lakini uko sawa kuwataja, walistahili.

#22 Siasa_Kando

Mimi nataka lijsttrekker. Ni mvuta orodha: jina la kwanza kwenye orodha ya wagombea wa chama. Magazeti ya Kiingereza yanaandika "party leader" na mara nyingi inakuwa sawa, lakini si lazima. Baada ya uchaguzi yule anayekaa bungeni kuongoza wabunge wa chama ni fractievoorzitter, na mwenyekiti wa chama kama taasisi, partijvoorzitter, ni mtu mwingine tena. Mark Rutte, waziri mkuu wa zamani, alikuwa kiongozi wa kisiasa wa chama cha VVD miaka yote ile bila kuwa partijvoorzitter.

Kwa sisi Watanzania hapa panateleza sana. Kwetu mwenyekiti wa chama ndiye mkubwa wa chama. Ukimwambia mtu wa nyumbani "party chair" anainuka kumpa kiti, kumbe huyo anashughulikia matawi na michango ya wanachama, anayegombea uwaziri mkuu ni mwingine.

Na minister-president hana nguvu ambazo jina linaonyesha. Hawezi kuamka asubuhi akamfukuza waziri kwa uamuzi wake peke yake kama waziri mkuu wa Uingereza. Serikali ni ya muungano, kila chama kinalinda watu wake. Ukiandika "leads the government" kwa msomaji wa London, anamwona mtu mwenye rungu.

#23 Mwana_Lubumbashi

#22 sawa kwa Uholanzi. Lakini huku kwetu minister-president ni mukubwa wa serikali ya Flanders. Wa Ubelgiji nzima ni eerste minister. Ukichanganya hao wawili kwenye tafsiri umeanzisha vita ambayo Wabelgiji wenyewe hawajamaliza.

#24 Msomi_Leiden

#22 umenipeleka kwenye maelezo ninayoyaamini mimi. Karibu robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari, na maji hayaongozwi na mtu mmoja. Hadi leo kuna waterschappen 21, mamlaka za maji zenye uchaguzi na kodi zake, na mwenyekiti wake sehemu nyingi anaitwa dijkgraaf. Mojawapo, Rijnland, ina makao hapa Leiden. Anayesimamia boma la kuzuia maji hana budi kukubaliana na mkulima, jirani na mji. Mwaka 1982 waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana pale Wassenaar kuhusu mishahara na saa za kazi, utaratibu huo wa kukaa na kuzungumza baadaye watu wakauita poldermodel.

Nchi ya namna hiyo itapenda maneno ya kuvuta na kuelekeza kuliko ya kuamuru. Trekker hana cheo. Anavuta kwa sababu kuna anayetakiwa kuvuta.

#25 Mama_Soko_Rotterdam

#24 kijana wangu, hayo ni ya vitabu. Nimefanya kazi ya usafi kwenye kampuni zao, nimeosha vyombo hotelini, nimesimama sokoni. Bosi wa Kiholanzi ni bosi. Wana "de lakens uitdelen", wana "de dienst uitmaken", wana "de scepter zwaaien", wana "de broek aanhebben", kuvaa suruali nyumbani. Hizo zote ni za mtu anayesema jambo na likawa. Wanasema maneno laini kwenye tangazo la kazi. Siku ya kwanza kazini unamjua mwenye mashuka.

#26 Kaka_Mombasa

Mwenye mashuka? Eleza mama.

#27 Mama_Soko_Rotterdam

De lakens uitdelen, kugawa mashuka. Anayegawa mashuka ndiye mwenye amri. Hotelini niliiona kwa macho. Kuna kabati moja la mashuka na taulo, ufunguo anao mama mmoja, mfupi, kiunoni umefungwa kwa utepe mwekundu. Asubuhi mnapanga foleni, anakuhesabia kulingana na vyumba vyako. Akikuhesabia pungufu, siku yako imeharibika, maana utarudi kumwomba. Meneja alikuwepo, ana ofisi na tai, lakini kila mtu alijua nani anatuongoza. Kiingereza wanasema "call the shots". Ile ni ya kulenga shabaha, haina kabati wala ufunguo.

#28 Msomi_Leiden

Nimeipenda #27 kutoka moyoni. Ila laken pia ni kitambaa kizito cha sufu, na mji huu wa Leiden ulitajirika kwacho. Lakenhal, jengo la kukagulia vitambaa, lilijengwa 1640 na sasa ni makumbusho. Amsterdam walikuwa na wakaguzi wao, Rembrandt aliwachora 1662 wamekaa mezani, De Staalmeesters. Hao ndio walioamua kitambaa gani ni bora na kipi si bora. Naona msemo unaweza kuwa umetoka kwenye biashara hiyo.

#29 Mkulima_Friesland

Au umetoka kwenye nyumba za yatima na hospitali za zamani, ambako matroni aligawa matandiko. Mama #27 yuko karibu zaidi na kitenzi chenyewe. Uitdelen ni kugawa. Wakaguzi wa #28 walikagua, hawakugawa.

#30 Nahodha_Mstaafu

Tanga pia ni kitambaa. Nasema tu.

#31 Bibi_wa_Tanga

Nahodha jamani 😄 pumzika kidogo.

Kuna nyingine ya kuwaonya vijana. "Iemand bij de neus nemen", kumshika mtu pua. Kwa Mholanzi ni kumdanganya, kumchezea akili. Kwa Mwingereza "lead someone by the nose" ni kumburuza mtu afanye kila unachotaka, kama ng'ombe mwenye pete puani. Pua ni moja, maana ni mbili. Mjukuu wangu alitafsiri hivyo shuleni na mwalimu akamkata alama, nikaona kwa kweli mwalimu alikuwa na haki.

#32 Mkenya_Groningen

Nami niongeze la CV maana limenigusa mfukoni. Kiholanzi wanaandika "leidinggevende ervaring". Wengi tunaandika "leading experience". Kwa Kiingereza hiyo haisomeki, au inasomeka kama uzoefu unaoshinda wote duniani. Andika "management experience", na kama ulikuwa unasimamia zamu tu, andika "shift supervisor" na idadi ya watu. Nilipobadilisha hivyo nikaanza kuitwa kwenye usaili. Siwezi kuthibitisha kwamba ni neno hilo tu, ila nililibadilisha na simu zikaja.

Swali: ukikutana na "leidt" na "lijdt" mnatofautisha vipi? Zinatamkwa sawasawa masikioni mwangu.

#33 Muuguzi_Eindhoven

#32 kwenye Kiholanzi sanifu zinatamkwa sawa, hata kwao. Leiden kwa ei ni kuongoza, lijden kwa ij ni kuteseka. "Zij leidt een bedrijf", anaongoza kampuni. "Zij lijdt aan astma", anaugua pumu. Barua za ofisini zimejaa "dit lijdt tot vertraging", na walioandika ni Waholanzi wenyewe. Kwa mtafsiri ni bahati, kosa la ei na ij halivuki mpaka: andika "leads to" au "results in" na usonge mbele.

#34 Siasa_Kando

#33 kuna nchi ambako ei na ij ni kitu kimoja kabisa, anayeongoza na anayeteseka. Naishia hapo, jina langu linanizuia.

#35 Mkalimani_Rotterdam

Wadau, mrejesho. Nimempelekea mteja sentensi ya #3 na nikamweleza kwa simu kwa nini "lead" tatu zinamdanganya mwombaji. Amekubali "coordinate the daily work of five colleagues". Amekubali pia "make the first move" baada ya kuibadilisha ikawa "take the initiative". Lakini cheo juu ya tangazo ameng'ang'ania "Project Lead", anasema kampuni zote zinaandika hivyo na trekker hana cheo kingine kwa Kiingereza.

Nimemwachia. Ila bado siafiki kwamba lugha zote mbili zinaona jambo moja. #24 na #25 wote wamenishika.

#36 Msomi_Leiden

"Project Lead" kama jina la cheo siku hizi halina shida, limeshakuwa la kila mtu. Ungepigania "lead" kama kitenzi na umeshinda mbili. Hongera.

#37 Mwana_Lubumbashi

Kama tangazo lingekuwa la Gent wangesema projectleider na tungelala mapema. Trekker huku nasikia zaidi kwa wale wa kutembea porini na mufuko mugongoni.

#38 Mkulima_Friesland

#37 na huku Friesland ukisema trekker kijijini, watu watakuuliza ni John Deere au Fendt.

#39 Mkenya_Groningen

Kabla uzi haujafungwa: "een eigen leven gaan leiden"? Nimeikuta kwenye ripoti ya mradi, "het project is een eigen leven gaan leiden". Mradi umeanza kuongoza maisha yake?

#40 Muuguzi_Eindhoven

"Has taken on a life of its own." Umeponyoka mikononi mwao, unakwenda unakotaka wenyewe. Hapo leiden ni kuishi tu, kama "een dubbelleven leiden", kuishi maisha mawili. Hiyo ya maisha mawili Mwingereza anakubali "lead a double life" bila ubishi wowote.

#41 Kaka_Mombasa

Kwa hiyo kuna mahali "lead" inafaa. #1 umesikia?